Mjadala: Priampu ya bei ya gari jipya, tunasikia sauti au tunasikia bei?

Sikio Kavu (mwanzisha mada)
Wakuu, kila ikitoka priampu (kifaa kinachokaa kati ya chanzo cha muziki na amplifaya ya nguvu) ya daraja la juu kabisa, ile ya maboksi mawili matatu ambayo mtu mmoja hainyanyui, sifa huwa zilezile: ukimya mzito nyuma ya muziki, besi yenye mizizi, mwimbaji kasimama katikati ya spika utadhani ukinyoosha mkono utamgusa bega. Msimamo wangu ni kwamba kazi ya priampu ni kuchagua chanzo na kupunguza sauti, basi. Deki ya CD inatoa voliti 2 tayari, na amplifaya nyingi za nguvu zinafika kileleni kwa voliti 1 hadi 2. Kuna nini tena cha kukuza? Anayepinga aseme analipia kitu gani hasa, na kitu hicho kinafikaje masikioni.

Taa Moto
Mkuu umeruka impidansi, yaani ukinzani wa kifaa kwa ishara ya umeme. Chukua poteshometa tupu (kitasa cha kupunguza sauti, bila ukuzaji wowote) ya kiloomu 100 uifanye ndiyo "priampu". Inapopunguza sauti kwa desibeli 6, impidansi ya kutokea inafika kama kiloomu 25. Unganisha kebo ya mita 5 yenye pikofaradi 100 kwa kila mita, jumla 500. Piga hesabu: kwenye kilohezi 12.7 umeshapoteza desibeli 3. Matoazi yamefifia, halafu mtu anaandika "sauti laini, haichoshi". Ukishuka hadi kiloomu 10, mpaka huo unasogea kupita kilohezi 120, lakini sasa chanzo chako, hasa kama ni cha taa (vali za kioo za kielektroniki), kimebebeshwa mzigo. Ndiyo maana panahitajika hatua ya kusukuma baada ya kitasa.

Sikio Kavu
Sawa, hiyo hatua ya kusukuma ni bafa. Ni chipu ndogo kuliko ukucha. Haihitaji boksi tatu.

Mtu wa Benchi
Naomba niingie hapo kwenye besi, maana ndipo watu wanapogombana bure. Priampu nyingi za taa zina kapasita, inayozuia masafa ya chini kabisa, kwenye njia ya kutokea. Tuseme ni ya mikrofaradi 0.47. Ukiipeleka kwenye amplifaya yenye kiloomu 10 za kuingilia, desibeli 3 zinapotea kwenye hezi 34. Ipeleke kwenye amplifaya ya kiloomu 100, mpaka unashuka hadi hezi 3.4. Kifaa ni kilekile, taa zilezile. Msikilizaji mmoja ataandika "besi nyembamba", mwingine "besi yenye mizizi", na wote wawili wamesema kweli. Sasa hesabu tathmini ngapi umesoma zilizotaja impidansi ya amplifaya iliyotumika.

Kanuni ya kuzidisha mara 10 (kinachopokea kiwe na impidansi mara 10 ya kinachotoa) ni nzuri, ila ipime kwenye hezi 20. Takwimu ya kwenye kilohezi 1 inaificha kapasita.

Pembe Mbili
Na huo "ukimya" si ushairi mtupu. Tuchukue amplifaya ya kawaida, inakuza desibeli 26, yaani mara 20. Priampu yenye kelele ya mikrovoliti 50 inaweka milivoliti 1 kwenye spika. Kwa spika inayotoa desibeli 86 (ikipewa voliti 2.83, ikisikilizwa umbali wa mita 1) hiyo ni kama desibeli 17, chumba cha kawaida kinaimeza. Kwa spika za pembe za desibeli 100 ni 31, nayo inasikika wazi kama mchanga unaomwagika taratibu. Priampu ya mikrovoliti 5 inaishusha hadi 11. Kwa hiyo mwenye pembe akisema amesikia tofauti kabla wimbo haujaanza, msimcheke.

Sikio Kavu
Hilo nimelipokea, Pembe Mbili. Lakini mikrovoliti 5 si siri ya mabwanyenye. Priampu ya Benchmark LA4 inapunguza sauti kwa rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme), hatua 256 za nusu desibeli, na ukimya wake hautiliwi shaka hata na wapinzani wake. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya hizo tunazozijadili.

Mtu wa Benchi
Rilei zinajibu pia swali la mwimbaji wa katikati. Poteshometa ya kaboni ya bei ndogo, ikiwa karibu na mwanzo wa mzunguko, inaweza kutofautisha kushoto na kulia kwa desibeli 2. Anayesikiliza usiku kwa sauti ya chini anamwona mwimbaji kahamia upande mmoja. Akibadilisha kifaa, mwimbaji anarudi mahali pake, naye anasifu "uhalisia". Kilichobadilika ni ulinganifu wa rezista, na huo unapatikana kwa kitasa cha hatua chenye rezista za asilimia 1. Hapo mtengenezaji wa ghali amefanya kazi ya kweli. Suala ni kama ni yeye peke yake.

Taa Moto
Mnapima vyote isipokuwa muziki. Hamonia ya pili ya taa (mlio wa ziada wenye masafa mara mbili ya ule wa asili) inanenepesha sauti ya binadamu, na kuna watu wanaipenda. Kosa lao nini?

Sikio Kavu
Hawana kosa. Ila hiyo ni chumvi, iitwe chumvi. Usinunue chumvi halafu utuambie umenunua maji safi zaidi.

Taa Moto
Na hao wanaojaribu kwa kufumbwa macho, dakika mbili mbili, wakibofya swichi kama wanatafuta stesheni ya redio? Sikio linachoka, kila kitu kinafanana.

Mtu wa Benchi
Dada, hakuna aliyelazimisha dakika mbili. Mwaka 1985 Bob Carver, mtengenezaji wa amplifaya, alipewa na jarida la Stereophile amplifaya ya taa ya ghali aiige kwa amplifaya yake ya transista. Alizilisha ishara moja, akatoa moja kwenye nyingine, akawa anarekebisha hadi mabaki yakakaribia kutoweka. Wale wasikilizaji wa jarida, waliokuwa na muda na muziki wao wenyewe, wakashindwa kuzitofautisha. Zilikuwa amplifaya za nguvu, najua, lakini njia hiyo inafaa priampu pia.

Anayetaka kujaribu, kinachoharibu jaribio mara nyingi ni ukubwa wa sauti. Nusu desibeli haisikiki kama "kubwa zaidi", inasikika kama "bora zaidi". Piga mlio wa hezi 400 (multimita nyingi za kawaida zinadanganya juu ya hapo), pima voliti za AC kwenye vichwa vya spika, linganisha hadi tofauti isizidi asilimia 1, ambayo ni chini kidogo ya desibeli 0.1. Kitasa cha hatua za nusu desibeli kinaweza kukuacha na kosa la 0.25; malizia kwa kupunguza kwenye programu ya kupigia muziki. Kisha angalia polariti (kama wimbi linatoka limegeuzwa juu chini): baadhi ya priampu za taa zinaigeuza, na msikilizaji makini anaweza kuitambua kwa hilo tu. Ikigeuza, badilisha nyaya za spika pande zote mbili. Anayebadilisha vifaa asionekane wala asijue yupo kwenye kipi. Majaribio 16, upate 12. Kubahatisha tu kunakufikisha hapo chini ya mara 4 katika 100.

Pembe Mbili
Na priampu ya taa iwashwe mapema ipate joto, amplifaya iwe ya mwisho kuwashwa na ya kwanza kuzimwa. Ule mshindo wa kuwasha umeshaua twita nyingi.

Taa Moto
Kumi na mbili kati ya 16, nakubali. Sharti langu: siku tatu kwa kila jaribio, muziki nichague mimi, na vifaa vyote viwili viwe nyuma ya pazia, maana taa zinawaka na macho yangu nayo yana maoni. Sikio Kavu, wewe utakaa kwenye kiti hichohicho ukisikiliza kifaa unachokiamini hakina tofauti, siku 48. Nani anashika multimita?