Mliofufua mashine za zamani kwa Linux, tupeane uzoefu

Wakuu salaam. Tangu Oktoba 14, 2025 Windows 10 ilipokatiwa masasisho, na 11 nayo inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama ambayo mashine za zamani hazina), naona watu wanazitupia makabatini mashine nzima kabisa. Naanza na yangu.

Nina Dell Latitude D630, Core 2 Duo, RAM GB 2, mtumba. Kwa Windows 10 ilikuwa unabonyeza kitufe, unaenda kuinjika chai, unarudi kile kitaa cha diski bado kinamemeteka. Nikapiga Linux Mint ya Xfce, toleo jepesi la Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Ikawaka vizuri, ila wifi hakuna! Kadi ya wifi inataka draiva (programu ya kuiendesha), draiva iko intaneti, na intaneti ndiyo hiyo huna. Siku mbili nahangaika. Kumbe ni kuchomeka simu kwa waya wa USB, unawasha kugawa intaneti kwa njia ya USB, mashine inapata mtandao palepale. Nikashusha draiva, nikazima, nikawasha, wifi hiyo.

Nisiwadanganye lakini: kilichoibadilisha zaidi ni SSD ya GB 120 (diski ya kasi isiyozunguka) na kupandisha RAM hadi GB 4. Na bado kivinjari ndicho mlafi. Ukifungua tabu saba, feni inavuma kama pasi ya mvuke.

Haya, leteni zenu.

#2
Mimi nina kale kalaptopu kadogo ka Atom N270, RAM GB 1. Flashi tatu za kuwekea Linux zilikataa kuwaka, nikamlaumu aliyeniuzia flashi, masikini. Kumbe prosesa ni ya biti 32 na mimi nashusha za biti 64 tu. antiX ya biti 32, Linux nyingine nyepesi, ndiyo iliyokubali. Sasa kapo dukani, kanapiga muziki na kuandika madeni. YouTube sahau.

#3
Nina steshenari, kwangu ngoma ilikuwa nzito. Mwanafunzi analeta ripoti ya kurasa 42, LibreOffice (mbadala wa bure wa Word) inaifungua 45, majedwali yamehama, na mwenyewe amesimama hapo kwenye kaunta anatafuta wa kumlaumu. Nilipoweka fonti za Microsoft, Times New Roman ikiwemo, ikatulia kwa kiasi. Printa yangu ya zamani ndiyo iligoma moja kwa moja. Mashine ya kaunta nikairudishia Windows, ya nyuma ya kuchapia barua inaendelea na Mint, mwaka wa pili huu.

#4
Nasoma tu wakuu, endeleeni.

Mleta uzi
#2, kwa GB 1 hiyo washa zram. Inabana vitu ndani ya RAM yenyewe kabla mashine haijakimbilia diski, na kwenye diski ya kuzunguka utaiona tofauti.

#3, kabla hujaitupa hiyo printa, itaje modeli. Yangu ya HP ilikubali kwa HPLIP, draiva za HP za Linux, bila hata kutafuta CD.