Mhazini "alidokeza" au "alisema"? Naomba maana na matumizi ya neno kudokeza

Katibu wa Kikoba (Morogoro)

Salaam kwenu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopeshana chenye wanachama 26. Katika muhtasari wa kikao kilichopita niliandika sentensi hii: "Mhazini alidokeza kwamba wapo wanachama wanaochelewesha marejesho ya mikopo." Muhtasari uliposomwa ili uthibitishwe, mhazini alisimama akataka neno "alidokeza" liondolewe. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye si mtu wa kunong'ona pembeni. Alisema mbele ya wanachama wote na kila mmoja akamsikia, kwa hiyo kuandika kwamba alidokeza ni kumfanya aonekane mmbeya anayepenyeza habari za watu. Nilijitetea kwamba kudokeza ni kusema jambo kwa kifupi bila kuliweka wazi lote, na kwamba ndivyo alivyofanya, kwa kuwa hakumtaja mtu hata mmoja. Mwenyekiti akaahirisha kuthibitisha muhtasari hadi kikao kijacho, jambo ambalo halijapata kutokea tangu nikabidhiwe daftari hili.

Naomba msaada wa wajuzi. Kudokeza ni nini hasa? Je, mtu anaweza kudokeza hadharani, au dokezo ni lazima liwe la siri? Na lina tofauti gani na fumbo na kijembe? Nauliza hivyo kwa sababu mwanachama mmoja alisema kuwa mhazini alipiga kijembe, na mwingine akashikilia kuwa lile lilikuwa fumbo.

Mwalimu Mstaafu (Tanga)

Katibu, maneno hayo matatu huchanganywa kila siku, nami naona hutofautishwa na jambo moja: msemaji anataka nani aelewe, na akishaelewa iweje.

Anayedokeza anataka umwelewe. Yeye anajua jambo ambalo wewe hulijui, naye anakumegea kipande ili kilichobaki ukimalizie mwenyewe. Jirani akikuambia, "Kesho usiende mbali na nyumbani, na sebule uifagie vizuri," amekudokeza kwamba wakwe wanakuja. Hakuvunja siri ya watu, wala hakukuacha uaibike. Dokezo la namna hiyo ni hisani, na anayedokezwa kwa kawaida hushukuru. Si lazima liwe la siri, ila mara nyingi hutolewa kabla ya wakati wake, na linalosemwa kabla ya wakati wake husemwa kwa sauti ya chini. Nadhani hapo ndipo mhazini wako aliponusa harufu ya umbeya.

Fumbo halifanyi kazi hiyo. Neno lenyewe limetokana na kufumba, kama tunavyofumba macho au mdomo, na kilichofumbwa hungoja wa kukifumbua. Anayefumba husema mbele ya watu kumi akikusudia wawili waelewe. Ndiyo maana ya ule usemi kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Tena msemaji wa fumbo huwa amejiwekea pa kutokea: ukimkabili, atakuuliza kwa upole, "Kwani nimekutaja?"

Kwetu pwani shule kuu ya mafumbo ni kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yanayoandikwa upande wa chini. Nilipokuwa mdogo mama yangu alinunua doti yenye jina "Usisafirie nyota ya mwenzio", akaivaa asubuhi moja tu kwenda kisimani, akifuata njia ndefu inayopita mbele ya nyumba fulani, kisha akaikunja na kuiweka sandukuni. Sisi watoto hatukung'amua kitu. Mwenye nyumba ile aling'amua, kwa maana siku ya tatu alipita mbele ya baraza yetu, naye amejitanda "Hasidi hana sababu". Hakuna neno lililotamkwa, na hakuna aliyeweza kumpeleka mwenziwe kwa wazee, kwa sababu kanga huuzwa dukani na kila mtu ana haki ya kuvaa nguo aliyoilipia.

Kijembe ni fumbo lililonolewa. Fumbo laweza kuwa la mapenzi, la hekima, hata la kumfundisha mtoto. Kijembe hakina kazi nyingine ila kukata.

Lakini, Katibu, mhazini alitamka maneno gani hasa? Umetuandikia ulivyoelewa wewe. Hukutuandikia alichosema.

Mtunza Majalada (Dodoma)

Naongeza jambo moja fupi. Katika ofisi za serikali huku Tanzania, dokezo ni maandishi ambayo ofisa humwandikia mkubwa wake ndani ya jalada, akieleza suala, akitoa ushauri na kuomba uamuzi. Likiandikwa kwenye karatasi ya pekee nje ya jalada huitwa dokezo sabili. Halina siri wala kunong'ona. Lina tarehe, lina saini, lina cheo, na likiwa na kosa humrudia aliyeliandika.

Nilipoanza kazi niliambiwa niandike dokezo kuhusu matengenezo ya gari. Kwa kuwa nilijua maana ya mtaani tu, niliandika mistari miwili ya kugusagusa, nikidhani mkubwa atajaza mwenyewe yaliyosalia. Lilirudi na neno moja la wino mwekundu: "Fafanua." Kwa hiyo mwambie mhazini kwamba wapo watu wanaodokeza kutwa nzima kwa mishahara ya serikali, na hakuna anayewaita wambeya.

Mhariri wa Usiku (Nairobi)

Nimefurahia maelezo ya Mwalimu, hasa pale aliposema kwamba anayedokeza anajua jambo ambalo msikilizaji halijui. Kipimo hicho kingewafaa sana wenzangu wa vyumba vya habari. Kila usiku hunifikia sentensi kama "Waziri alidokeza katika mkutano wa hadhara kwamba barabara itajengwa," ilhali Waziri alilitangaza jambo hilo kwa kipaza sauti, tena akalirudia mara tatu. Huyo alisema, alitangaza au aliahidi. Mwandishi ameliteua "alidokeza" kwa kuwa amechoka kuandika "alisema", na msomaji anabaki akidhani kuna jambo lililofichwa.

Kosa la pili ni kuvifanya vitu visivyo na ulimi vidokeze. Takwimu hazidokezi, na mawingu hayadokezi mvua. Mawingu huashiria mvua; takwimu huonyesha au huashiria mwelekeo fulani. Kudokeza kunahitaji mwenye nia, anayeamua aseme kiasi gani na anyamazie kiasi gani. Tena tusilichanganye na kupendekeza, ambako ni kutoa wazo waziwazi ili likubaliwe au likataliwe. Nikisema, "Napendekeza tuhamishe kikao hadi Jumamosi," nangoja jibu. Nikisema, "Jumamosi nadhani wengi hatutakuwa kazini," nimedokeza, nanyi mkipuuza sijakataliwa.

Kuhusu asili ya neno, wapo wanaolihusisha na kudokoa, ule mchezo wa watoto wa kumega nyama kidogo kidogo kwenye sufuria kabla haijapakuliwa. Taswira hiyo inavutia na inaafikiana na maana, ila kudokoa likinyambuliwa huzaa kudokolea na kudokolewa, kwa hiyo mimi hulichukulia kama msaada wa kukumbuka maana tu. Kwa matumizi, "alinidokeza habari hiyo" na "alinidokezea habari hiyo" yote husikika. Kidokezo nacho kimekuwa na maisha yake: siku hizi huitwa vidokezo hata maagizo kamili ya mapishi, yenye vipimo vya unga na dakika za kuoka, ambayo hayakumwachia msomaji chochote cha kukisia.

Kama Katibu anatafuta kitenzi cha kumtuliza mhazini, ajaribu "aligusia". Hakina harufu ya siri.

Mpenzi wa Taarabu (Unguja)

Mwalimu, kwa heshima zote, sikubaliani nawe kwamba fumbo hukusudiwa watu wawili kati ya kumi. Huku kwetu utamu wa fumbo mara nyingi ni kwamba ukumbi mzima unaelewa na hakuna awezaye kulisema. Nenda kwenye taarabu ya harusi uangalie wakati wa kutunza. Mwanamke hatoki kitini ovyo. Husubiri hadi mwimbaji afike kwenye ubeti anaoutaka, ndipo anaponyanyuka taratibu, noti juu, akazunguka kwa mwendo wa kucheza hadi karibu na kiti cha yule anayemkusudia, na hapo hugeuka kwenda kumtunza mwimbaji. Maneno si yake, wimbo haukutungwa kwa ajili yake, na pesa ameitoa kwa furaha. Lakini ukumbini hakuna asiyejua nani ameambiwa nini. Mipasho ya siku hizi imeondoa stara hiyo kwa kuwa inakaribia kutaja majina, ndiyo maana wazee wengi hawaipendi.

Mwalimu Mstaafu (Tanga)

Mpenzi wa Taarabu, nimekubali. Niseme basi kwamba dokezo hukupa usichokijua, na fumbo hukukumbusha unachokijua bila kulitaja jina lake. Idadi ya wanaoelewa si hoja.

Katibu wa Kikoba (Morogoro)

Nawashukuru nyote. Mwalimu aliuliza maneno yenyewe, nami nimeyapata kwenye karatasi yangu ya rasimu. Sanduku letu la fedha lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu, kwa hiyo hufunguliwa mbele ya kikao tu. Baada ya kuhesabu na kufunga, mhazini alilinyanyua kwa mkono mmoja, akalishusha, akasema: "Sanduku letu siku hizi limekuwa jepesi, hata mtoto analibeba." Wengi walicheka, na watatu wanne walikuwa wakitazama chini. Mimi nikaandika kwamba alidokeza kuhusu marejesho.

Mwalimu Mstaafu (Tanga)

Basi mhazini ana haki ya kulalamika, ingawa kwa sababu tofauti na ile aliyoitoa. Hakuna aliyepewa habari mpya pale. Wote mlihesabu pamoja na mlijua fedha ziko kwa nani. Alifumba. Wewe ukalifumbua fumbo lake, ukachukua jibu uliloling'amua ukamtia mdomoni, kisha ukaliita dokezo lake. Hata "aligusia" aliyoitaja ndugu yetu wa Nairobi haitakufaa hapa, kwa sababu marejesho hakuyagusia. Alizungumzia uzito wa sanduku. Weka alama za kunukuu uandike maneno yake kama yalivyo.

Katibu wa Kikoba (Morogoro)

Nimerudi kutoa mrejesho. Kikao kilifanyika jana, nami nilisoma hivi: "Baada ya fedha kuhesabiwa, Mhazini alisema: 'Sanduku letu siku hizi limekuwa jepesi, hata mtoto analibeba.'" Mhazini ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuunga mkono, na muhtasari ukathibitishwa bila marekebisho.

Saa mbili usiku mwanachama mmoja alinipigia simu akiwa na hasira, akitaka kujua ni nani aliyeniruhusu kuandika jina lake kwenye muhtasari.