Mrejesho: Kupiga mbizi visiwa vya Karibi mwezi Septemba

Ndugu zangu, niliwauliza kama ni busara kwenda kupiga mbizi katika visiwa vya Karibi mwezi Septemba, wakati bei zimeshuka lakini msimu wa vimbunga, unaoanza Juni hadi Novemba, umefikia kilele. Nimerudi salama, na nawashukuru kwa dhati.

Nilifuata ushauri wa kubaki kusini, Bonaire na Curaçao, ambako vimbunga hupita kwa nadra, na huo ndio ulionifaa kuliko yote. Bonaire hakuna haja ya boti: unakodi gari, unapakia mitungi ya hewa, unasimama penye jiwe la njano lililoandikwa jina la eneo, kisha unaingia majini kwa miguu. Upepo ulikuwa umetulia, na usiku mmoja, siku chache baada ya mwezi mpevu, tuliyaona matumbawe yakitoa mayai, punje ndogo za rangi ya waridi zikipanda taratibu katika mwanga wa tochi. Kwa hilo pekee ningerudi tena.

Safari ya kisiwa cha Saba, upande wa kaskazini, ilishindikana, kwani dhoruba ilifanya ndege ifutwe na nyumba ya wageni ikakataa kurejesha malipo. Bima ya dhoruba niliyoikata mapema, kama mlivyosisitiza, ilinifidia sehemu tu, maana amana niliyolipia boti ya huko haikuhusika. Atakayesafiri akisome kipengele hicho cha bima kabla ya kulipa, na aache angalau saa 18 kati ya kuzamia kwa mwisho na kupanda ndege.