Mrejesho: Mabiringanya ya pasta alla Norma yamekubali

Habari zenu wapendwa. Wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini kila nikipika pasta alla Norma, kile chakula cha Catania kule Sicily, Italia, cha pasta yenye rojo la nyanya, mabiringanya ya kukaanga na jibini, mabiringanya yananyonya mafuta yote na kubaki machungu. Nimerudi na mrejesho, na asanteni sana.

Nilifuata ushauri wa chumvi. Mabiringanya 2 makubwa, vipande vya unene wa sentimita 1, nikanyunyizia chumvi nikayaacha kwenye chujio dakika 40. Yalitoa maji ya kahawia, nikashangaa! Nikasuuza, nikafuta kipande kimoja kimoja kwa kitambaa (hapa msiharakishe, maji yakibaki mafuta yanaruka), kisha nikakaanga vichache vichache kwenye mafuta ya moto sawasawa. Yakaiva rangi ya dhahabu, ndani laini kabisa, uchungu hakuna.

Dada uliyesema nibakize kikombe cha maji ya kuchemshia pasta, Mungu akubariki. Rojo la nyanya lilishika vizuri mno, na majani ya mrehani mwishoni yakanukia nyumba nzima.

Jibini ndiyo iliyonishinda. Ricotta salata, ile jibini kavu ya chumvi ya kukwaruzia juu, sikuipata, nikagandisha maziwa kwa limau, nikatia chumvi na kukandamiza usiku mmoja tu. Ladha ilikaribia, lakini kwenye kikwaruzio ikamomonyoka yote. Aliyenishauri niikaushe kwenye friji siku kadhaa alikuwa sahihi. Ya pili iko humo tangu juzi.