Kikundi cha Ukoo: Masai amchukue Kawhi au amwache?

*Jumanne, 17 Julai 2018*

Binti Mjomba: Salaam jamani. Hapa Toronto ni mchana na ofisini kwetu hakuna anayefanya kazi, kila mtu ameshika simu. Wanasema Masai Ujiri, bosi wa Raptors, timu yetu ya kikapu ya NBA, anaongea na timu ya San Antonio ili Raptors wamchukue staa wao Kawhi Leonard

Kaka Mdogo: NIMEONA!!! Nasubiri tangu asubuhi mtu aanzishe hii mada

Mjomba Scarborough: Tetesi hizo. Kila mwaka Julai watu hapa huuziwa tetesi

Kaka Mdogo: Shikamoo mjomba. Hii si kama za kila mwaka. Kawhi amekataa kurudi San Antonio, lazima auzwe, swali ni kwa nani tu

Mjomba Scarborough: Marahaba mwanangu. Sasa niambieni, huyo Kawhi amecheza mechi ngapi msimu uliopita?

Mimi: 9

Mjomba Scarborough: Tisa. Kati ya 82. Na huyo ndo mnataka tumtoe staa wetu DeMar DeRozan kwa ajili yake

Mama: Kwani DeMar si ndio yule kijana uliyekuja na jezi yake Mombasa mwaka juzi

Mjomba Scarborough: Ndio dada, namba 10. Yule kijana timu ilimchagua 2009 akiwa bado mtoto, na hajawahi kuichezea timu nyingine. Nimeishi na hii timu tangu ianze 1995. Vince Carter alitaka kuondoka akaondoka, McGrady akaondoka, Bosh akaenda zake Miami. DeMar peke yake mkataba wake ulipoisha 2016 hakuhangaika kutafuta timu nyingine, alikaa chini akasaini miaka 5. Hakuna mtu ameifungia Raptors pointi nyingi kumshinda. Leo anatolewa kwa mtu mgonjwa ambaye kila gazeti linasema moyo wake uko Los Angeles na mkataba wake unaweza kwisha mwakani. Mimi sikubali

Binti Mjomba: Na tusisahau mwezi wa pili DeMar alijitokeza akasema anapambana na huzuni, staa mkubwa kama huyo. Watu wengi hapa walifunguka baada yake. Hilo lina uzito wake

Mimi: Mjomba nakuheshimu na DeMar nampenda, lakini hebu turudi mwezi wa tano. Raptors wamemaliza wa kwanza kundi la Mashariki la NBA, ushindi 59, rekodi ya timu. Wakakutana na Cleveland ya LeBron James kwenye mchujo, wakafungwa 4-0. Mwaka juzi LeBron aliwatoa, mwaka jana akawatoa 4-0, mwaka huu tena 4-0. Mechi ya kwanza wako nyumbani, mwishoni mwa robo ya nne wamekaa chini ya kikapu wanaugusa mpira mara tatu nne hauingii, wakaenda dakika za nyongeza wakapoteza kwa pointi moja. Mechi ya tatu DeMar alifunga 8 na robo ya nne yote akakaa benchi, wakati OG, mtoto wa mwaka wa kwanza, ndo alipiga ya pointi tatu ya kusawazisha, kisha LeBron akakimbia na mpira upande wa kushoto akarusha kwa mkono mmoja ukagonga ubao ukaingia, mchezo umekwisha. Ya nne DeMar akatolewa nje kwa faulo. Si kwamba ni mchezaji mbaya, ila tumeshaona mwisho wa hii njia uko wapi

Kaka Mdogo: na wamemfukuza Casey ambaye ndo KOCHA BORA WA MWAKA. ukishafukuza kocha kama huyo huwezi kurudi na wachezaji walewale

Mjomba Scarborough: LeBron ameshahamia Lakers, kule Magharibi. Mashariki iko wazi sasa. Kwa nini tubomoe nyumba wakati mwizi amehama mtaa?

Mimi: Manake Boston wako palepale na wana Kyrie na Hayward wanarudi kutoka majeruhi, na Philadelphia vijana wao wanakua. Mashariki ikiwa wazi ndo wakati wa kusukuma, si wakati wa kukaa

Dada Mkubwa: Shikamoo mjomba, shikamoo mama. Nimetoka kwa wagonjwa saa hizi. Mnaongea kuhusu goti la nani?

Kaka Mdogo: Dada daktari wetu amefika 🙌🏾

Dada Mkubwa: Mi si daktari mi ni fizio, kila siku nawaambia

Mimi: Kawhi Leonard, dada. Tatizo lililoandikwa ni kano ya msuli wa paja, mguu wa kulia. Madaktari wa timu walimruhusu acheze, madaktari wake mwenyewe hawakukubali, akaenda kujitibia New York. Alirudi kidogo Disemba na Januari kisha akasimama kabisa

Dada Mkubwa: Hapo nawaelewa. Ngoja niandike vizuri

Dada Mkubwa: Misuli minne ya mbele ya paja inakutana juu ya kifuniko cha goti kwenye kano moja nene. Ukiruka, ukitua, ukisimama ghafla ukiwa mbio, ukishuka ngazi, mzigo wote unapita pale. Msuli una damu nyingi, ukichanika wiki kadhaa umepona. Kano haina damu nyingi hivyo, inapona polepole sana, na ina tabia moja inayowachanganya watu: ukiipumzisha tu maumivu yanapungua, unadhani umepona, kumbe imezidi kuwa dhaifu, siku unarudi uwanjani inauma upya. Dawa yake ni kuipa mzigo kidogokidogo, mazoezi mazito ya polepole, miezi. Mgonjwa wangu yeyote wa kano namuuliza swali moja asubuhi yake: leo umeamkaje? Ikiwa imekaza kuliko jana basi jana tulizidisha

Mama: Kama goti langu

Dada Mkubwa: Lako mama ni jingine, na mazoezi niliyokupa hufanyi

Binti Mjomba: Kwa hiyo anaweza kupona au hawezi?

Dada Mkubwa: Anaweza. Kano si kama gegedu likiisha limeisha. Ana miaka mingapi?

Mimi: 27, katimiza juzi mwezi wa sita

Dada Mkubwa: Basi kwa umri huo na muda aliopata wa kutulia, mi ningekuwa na matumaini. Ila kwa sharti. Huwezi kumrudisha ukamchezesha kila mechi kama punda wa mizigo. Zile siku wanazocheza leo na kesho, moja akae. Na wanaomtibu na kocha wawe wanaongea lugha moja. Ugomvi wa daktari na daktari unaumiza mgonjwa kuliko kano yenyewe, nimeyaona hayo kazini

Mjomba Scarborough: Mwanangu nimekuelewa. Lakini mimi nimeona haya mambo kabla nyinyi hamjazaliwa wengine. Grant Hill 2000. Alikuwa mmoja wa wazuri kabisa duniani, kifundo cha mguu kimevunjika, Orlando wakamchukua vilevile. Msimu wa kwanza mechi 4. Wa pili 14. Wa tatu 29. Wa nne HATA MOJA. Na Detroit walipewa nani? Ben Wallace, ambaye hakuna aliyemjua, 2004 wakachukua naye ubingwa. Orlando walinunua jina

Kaka Mdogo: 😳

Mjomba Scarborough: Bado. Andrew Bynum 2012. Philadelphia wametoa Iguodala, wametoa Vučević, wametoa na chaguo la drafti, yaani zamu yao ya kuchagua kijana mpya. Bynum hakuwahi kuvaa jezi ya Philadelphia kwenye mechi hata siku moja. Magoti. Na tredi hiyohiyo, yaani mabadilishano hayohayo ya wachezaji, ndo Lakers walimchukua Dwight Howard ametoka kupasuliwa mgongo, akacheza mwaka mmoja akaenda zake Houston. Na juzi tu, Isaiah Thomas, Cleveland wamempokea na nyonga mbovu, mechi 15 wakamuuza tena

Binti Mjomba: Baba umejitayarisha 😅

Mjomba Scarborough: Sikujitayarisha, niliyaona

Mimi: Mjomba mifano yako yote ni ya kweli na ndo inanifanya niseme hivi. Tatizo la Orlando ni mguu, sawa, lakini walimpa Hill mkataba wa miaka 7, kwa hiyo hata alipokuwa hachezi pesa zake zilikuwa zimewafunga mikono. Tatizo la Philadelphia ni bei, walitoa vijana na chaguo na mtu mzima aliye tayari, vyote kwa pamoja, goti likikataa hubaki na kitu. Kwa hiyo mi siulizi tu "Kawhi ni mzima?" nauliza akiwa si mzima tunabaki na nini. Tukitoa DeMar lakini tukabaki na Lowry, Siakam, OG na Fred, na Kawhi asipocheza au akienda Los Angeles mwakani, basi tuna vijana na mkataba mkubwa umetoka mikononi, tunaanza kujenga. Akicheza, tuna mtu aliyekuwa mchezaji bora wa fainali 2014 akiwa na miaka 22, mlinzi bora wa ligi mara mbili, na msimu wake wa mwisho akiwa mzima alikuwa anafunga pointi 25 na ushee kila mechi. Mtu kama huyo hawezi kuja Toronto kwa hiari yake. Hajawahi kuja. Baridi, kodi, mpaka wa nchi, wote hukimbilia jua. Njia pekee ya kumpata ni akiwa ameumia na timu yake imechoka naye, ndo bei inashuka

Kaka Mdogo: HIYO. angekuwa mzima san antonio wangetuitisha timu nzima

Mimi: Wakitaka OG au Siakam juu ya DeMar, mi nasema hapana, Masai akate simu

Mjomba Scarborough: Na akiondoka mwakani?

Mimi: Staa Paul George walisema hivyohivyo. Mwaka jana Oklahoma City (OKC) walipomchukua kila mtu alisema ni wa mwaka mmoja, Los Angeles ndo kwao. Wiki mbili tu zilizopita kasaini tena OKC. Sisemi Kawhi atafanya hivyo, nasema mwaka mmoja wa kuonyesha mtu jinsi unavyomtunza una thamani. Hasa mtu aliyekosana na timu kwa sababu ya matibabu

Dada Mkubwa: Hapo nakubaliana na wewe mia kwa mia. Mgonjwa aliyetoka mahali hakuaminiwa, ukimwamini hasahau

Mama: Huyo Masai ni wa wapi? Jina la Kimaasai hilo

Binti Mjomba: Shangazi baba yake ni Mnaigeria, kakulia Zaria, lakini mamake ni Mkenya ☺️

Mama: Eeeh! Wetu huyo. Basi mwacheni afanye kazi yake

Mjomba Scarborough: Dada wewe umeshakata kesi

Mama: Mtoto wa mama Mkenya hawezi kushindwa hesabu za sokoni. Haya mimi nalala, na mchango wa harusi bado watu watatu hawajatuma

*Jumatano, 18 Julai 2018*

Kaka Mdogo: IMEFANYIKA

Kaka Mdogo: AMKENI

Mimi: Nani katoka?? Andika yote

Kaka Mdogo: DeMar, Jakob Poeltl na chaguo la raundi ya kwanza 2019. sisi tunapata Kawhi NA Danny Green

Mimi: Chaguo lina kinga?

Kaka Mdogo: ndio likiangukia ndani ya 20 za kwanza linabaki kwetu

Mimi: OG yupo. Siakam yupo. Fred yupo. Na Danny Green anapiga za pointi tatu na analinda, na anamjua Kawhi miaka yote hiyo. Jamani hii bei ni nzuri kuliko nilivyoomba. Masikitiko yangu ni Poeltl kidogo, alikuwa anakua vizuri

Binti Mjomba: Baba amesoma, amekaa kimya. Wanaandika kwamba DeMar anasema aliambiwa hatauzwa, halafu kaamka kauzwa

Dada Mkubwa: Hilo ni baya. Hilo halina utetezi

Mimi: Kweli. Hesabu ni sawa lakini mtu aliyekaa miaka 9 anaambiwa uso kwa uso, mapema. Hapo Masai amekosea na lazima amwombe radhi

Mjomba Scarborough: Nimesoma yote. Nimempigia rafiki yangu tuliyekuwa tunaenda naye mechi tangu enzi za uwanja wa SkyDome, yeye analia kabisa. Hesabu zako nimezielewa mwanangu, na vijana wamebaki, hilo nakupa. Lakini siku San Antonio watakuja hapa mimi nanunua tiketi, DeMar akitajwa jina nasimama napiga makofi mpaka viganja viwake, na atakayeniangalia vibaya aniangalie

Binti Mjomba: Nunua mbili

Mimi: Hata mimi ningesimama mjomba

Dada Mkubwa: Je vipimo ameshapita? Manake wakimpima wakaona kitu tredi inaweza kuvunjika

Kaka Mdogo: bado dada, wanapima kwanza. cleveland walipompima isaiah thomas wakaona nyonga ndo boston waliomtoa wakalazimika kuongeza chaguo jingine

Dada Mkubwa: Vizuri. Waangalie nguvu ya paja la kulia kwa kulinganisha na la kushoto, hapo ndo utajua kama alikuwa anafanya mazoezi kweli au alikuwa anapumzika tu. Na nyinyi nitafutieni ratiba, nataka kuona siku za leo na kesho ziko ngapi

Kaka Mdogo: ratiba haijatoka. ikitoka nakuwekea hapa zote na rangi nyekundu

Mjomba Scarborough: Niwekee na mimi. Ya San Antonio kwanza