Uliyewahi kupigwa nusu kaputi au kuzimia, ulikuwa wapi? Tupeane uzoefu

Wakuu habarini. Mwezi uliopita nilipasuliwa apendeksi, daktari wa usingizi akaniambia hesabu, nakumbuka nilifika tatu, nafumbua macho niko wodini namuuliza wife wanaanza saa ngapi, ananiambia mbona umeshatoka. Usiku ukilala ukiamka unajua kabisa umelala, ila hapa hakuna kitu, si giza si ndoto, kama kanda iliyokatwa ikaungwa. Moyo ulikuwa unadunda, damu inatembea, sasa mimi nilikuwa wapi? Waliopitia leteni.

mama wawili: Kwangu tofauti kabisa. Kisu cha mtoto wa pili sindano ya ganzi ya mgongo iligoma wakanipiga ketamini, nikajikuta niko juu huko kwenye dari, nasikia vyuma vinagongana na wala sijali, nikaongea na bibi yangu alishafariki zamani. Nesi akaja kunielezea dawa yenyewe ndo ilivyo, haikulazi kama zingine, inakutenga na mwili na macho unaweza ukawa umeyatoa tu. Mpaka leo nawaza, dawa kidogo vile ya kwenye bomba la sindano inamtoa mtu kwake?

kijana wa Moro: Mdogo wangu ana kile kifafa cha kuduwaa. Anaongea, anakata katikati ya neno, sekunde kama kumi hivi, halafu anamalizia palepale. Yeye anabisha hajanyamaza.

nesi wa zamu: Nafanya ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake kule Cambridge, Uingereza, walimweka kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha ndani ya mwili, dada aliyepata ajali ya gari, miezi mitano haitiki chochote, wakamwambia fikiria unacheza tenisi, na ubongo ukawaka sehemu zilezile zinazowaka kwa mzima. Sio wote wako hivyo, wengine kweli hakuna kitu, lakini tangu nijue hilo kila mgonjwa namsalimia na namwambia nakugeuza sasa.

mama wawili: Nesi Mungu akubariki sana.

mzee wa kahawa: Kaka yangu alianguka na bodaboda, siku tisa hajitambui, sisi tumezunguka kitanda tunaongea yetu. Alipozinduka ajali yenyewe haikumbuki hata kidogo, ila alituuliza nani alisema shamba ligawanywe.

mleta uzi: Alisikia sauti tu au maneno?

mzee wa kahawa: Maneno. Na aliyesema alimjua, hadi leo hawasalimiani.