Unene na saratani ya damu: uhusiano upo?

Muuliza, Masasi
Wakuu, salaam. Unene na saratani ya matiti nishaelewa. Sasa nasikia na ya damu imo. Ni kweli? Na mtu mnene apime nini huku Kusini kabla ya kuwaza nauli ya Dar?

Tabibu, Mikindani
Kweli, ila usizitie zote kapu moja. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilitaja aina 13 za saratani zenye ushahidi wa kutosha kuwa zinahusiana na unene. Ya damu ilikuwa moja: mayeloma, inayoanzia kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, katika seli zinazotengeneza kingamwili. Mafuta ya tumboni hayakai bure. Yanamwaga kemikali, mojawapo intalukini 6, na hiyo ndiyo inayozikuza seli za mayeloma. Hata hivyo ugonjwa wenyewe ni nadra. Wanene wengi hawaupati kabisa.

Kujua kama mtu ni mnene, linganisha uzito na urefu. Piga hesabu: kilo 92, urefu mita 1.62. Zidisha 1.62 kwa 1.62, upate 2.62. Gawa 92 kwa hiyo, inakuja 35. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene hasa.

Maabara, Lindi
Unene peke yake si sababu ya kupima mayeloma. Dalili ndizo sababu: mgongo au mbavu kuuma wiki nenda wiki rudi, nimonia ya kujirudia, damu kupungua na vidonge vya madini chuma havisaidii. Huku damu ikipungua tunakimbilia malaria na minyoo, muda unapotea.

Anzeni na picha kamili ya damu, ESR (kasi ya chembe nyekundu za damu kutuama), kreatinini (inayoonyesha hali ya figo) na kalsiamu. ESR kubwa pekee haithibitishi kitu, TB nayo huipandisha. Na kijiti cha mkojo kinadanganya: kinanasa zaidi albumini, protini ya kawaida ya damu, lakini ile inayotengenezwa na seli za mayeloma inaweza kupita, jibu likasoma safi. Kinachotakiwa ni elektroforesisi ya protini, yaani kipimo cha kutenganisha aina za protini, ya damu na ya mkojo. Ulizeni hospitali ya mkoa ya Ligula, Mtwara, au hospitali ya kanda pale Mitengo kama wanapima au wanapeleka sampuli. Wakati mnasubiri, diklofenaki ya dukani ya kutuliza mgongo iacheni, inaumiza figo ambazo huenda zishaguswa na mayeloma.

Muuliza, Masasi
Ahsanteni. Korosho je, tuziache?

Tabibu, Mikindani
Hapana, mkuu. Gramu 30, kiganja kimoja, ni kama kalori 170. Tatizo ni kumaliza sahani nzima, kisha wali wa nazi juu yake. Ila mnene akianza kupungua bila kubadili chakula, msimpongeze, mpelekeni akapimwe.